Bosi alisema nimepinda moon clip za bastola yake, nikakataa kuomba msamaha

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi ni bibi mwenye wajukuu na shule niliishia darasa la nne. Atakayetafuta makosa ya kuandika atayapata. Atakayetafuta uongo atachoka.

Nilifanya kazi za ndani Saudia, kwanza Riyadh, halafu familia ikahamia Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Ni miaka ile mambo yalianza kufunguka, madam anaendesha gari mwenyewe, na klabu za shabaha zinapokea hadi wanawake.

Bosi ndiye alikuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria. Marehemu babake alimwachia bastola kubwa ya silinda, nzito kama mchi. Kibali anacho.

Niieleze kidogo hiyo bastola, maana bila hivyo hamtaelewa case yangu.

Risasi zake za asili zina ukingo kwenye kitako. Huo ukingo ndio unaosukumwa ili ganda litoke. Sasa risasi hizo zikawa hazipatikani. Fundi wa Riyadh akaichonga silinda kwa nyuma ikubali risasi zisizo na ukingo. Lakini hizo lazima uzipachike kwanza kwenye kibati chembamba cha duara chenye meno, wanakiita moon clip. Zote zinaingia pamoja, zinatoka pamoja.

Kibati kikipinda hata kidogo, silinda inakwama.

Haya niliyajua kwa kusikia tu. Ijumaa baada ya swala bosi alikaa sebuleni, gazeti limetandazwa, anang'oa maganda kwenye vibati huku akiwaeleza wanawe. Mimi namimina kahawa, naondoka zangu. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, kabati lako la silaha silifuti hata vumbi. Akakubali.

Tulipofika Jeddah, akawaalika shemeji zake klabuni waione bastola ya mzee. Silinda ikagoma kuzunguka. Wakamcheka njia nzima.

Waliporudi, naweka sinia la kabsa, wali wao wa nyama, akanigeukia mbele yao na mbele ya watoto. Akasema wakati wa kuhama nilipanga masufuria juu ya kopo la vibati vyake, nikavipinda.

Nikamwambia, "Bosi, mafi, hapana. Kopo hilo ulilibeba wewe mwenyewe kwenye gari lako."

Shemeji zake wakamgeukia yeye. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Baadaye madam akaja jikoni, akafunga mlango. "Mama, sema tu samahani, halas, iishe. Si unamjua."

Nikamjibu namjua, na kosa sina.

Nikampigia Mwanaisha, wa kwetu Kisauni, yeye alibaki kazini Riyadh. Naye akanigombeza. "Shoga, samahani inakupunguzia nini? Mimi hapa naomba samahani hata chai ikipoa yenyewe." Nilicheka, lakini sikubadilika.

Nisikilizeni hapa. Sahani ikivunjika ukasingiziwa, omba msamaha uishi na watu. Silaha ni habari nyingine. Mgeni akishakiri kwamba alichezea vitu vya bastola, siku ikimuumiza mtu, polisi wataanza na nani?

Bosi alipoona nimeshikilia, akasema atanirudisha kwenye ofisi iliyonileta, iko Riyadh, upande wa Batha. Anakwenda huko kumwona fundi, basi safari moja. Nikafunga begi langu. Kisha nikarudi kumaliza vyombo.

Njia ile ni ndefu, jangwa kulia na jangwa kushoto. Madam na bosi wanapokezana usukani. Hakuna aliyeniongelesha ila kuniuliza kama nataka maji. Nilikuwa na stress, siwafichi. Kwa umri wangu, nikirudishwa na jina la mtu aliyechezea silaha, nani atanichukua tena?

Tulianzia kwa fundi. Mzee wa Kisudani, miwani imemshuka puani. Aliponiona nimeachwa garini na lile jua, akasema mama aingie akae.

Akachukua kibati, akakilaza juu ya kioo, akakigusa kwa kidole. Kikayumba kama meza yenye mguu mfupi. Hakulaumu mtu. Akamuuliza bosi, maganda huwa unayatoaje?

Bosi akachukua koleo pale mezani na kibati kingine chenye maganda, aonyeshe. Akabana, akapinda mkono, ganda likatoka. Kibati kikabaki kimeinuka upande mmoja. Sote tuliona.

Fundi akasema, "Ndugu yangu, aliyevipinda ni wewe." Akampa kijibomba cha kuzungushia ganda mpaka litoke bila nguvu.

Madam akageukia ukutani. Mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko.

Bosi akasema, "Yalla mama, turudi nyumbani."

Sikuinuka.

"Bosi, ulinisema mbele ya watoto na shemeji zako. Waliosikia lile wasikie na hili. Kama haiwezekani, nipeleke ofisini, niko tayari."

Akaniangalia sana. "Wewe ni mwanamke mgumu," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Ijumaa iliyofuata, Jeddah, shemeji wakaitwa na watoto wakakaa. Bosi akaniita kutoka jikoni, akasimama.

"Mama hakugusa kitu. Nilivipinda mimi, nikamsingizia yeye."

Shemeji mkubwa akadakia, "Kwa hiyo bastola imekushinda, ukaona umkamate bibi wa watu?" Chumba kizima kikacheka, bosi akacheka wa mwisho. Mimi sikucheka. Nilimwambia nimesikia na nimesamehe, nikarudi kwenye wali wangu.

Nilichojifunza ni hiki: samahani ya uongo haimalizi jambo, inakuandikisha kuwa mwenye kosa. Pima jambo lenyewe. Likiwa la kukufunga, usilimeze kwa sababu watu wamekuambia liishe.

Haya, mliowahi kukaa Gulf, nanyi mlio nyumbani, comment ziko wazi. Ungesema samahani, au ungepanda lile gari? Matusi sijibu, nimelea watoto wengi.