Kijani Nilichokiona Gizani

Nichekeni tu, koti jeupe la mtumba lilinivimbisha kichwa. Maabara yetu ya mifugo Masasi ilikuwa imepata hadubini mpya, na mkufunzi alitueleza kwamba ubongo wa mbwa mwenye kichaa humeremeta kijani ukitazamwa humo gizani.

Akazima taa, nikaiinamia hadubini. Giza tamu likanibembeleza, kope zikalegea. Taratibu kijani kikatanda, mfano wa bonde la Ruvuma ukilitazama kutoka Newala baada ya mvua.

Nikakurupukia dirishani. Nje alisubiri Mama Somoe, ambaye binti yake aling'atwa na mbwa tuliyekuwa tukimpima.

"Ni kichaa, mama! Mkimbize binti hospitali ya Ndanda akachomwe sindano!"

Akaangua kilio.

Taa ikawaka.

"Baba Hamisi," mkufunzi aliniita polepole, "umeona nini? Kioo chenye ubongo bado ninacho mkononi."