Maji ya Magoti ya Bibi

Nilipokuwa na miaka tisa, nikisoma darasa la tatu, niliogopa njia panda kuliko nilivyoogopa fisi. Na kwetu fisi walikuwepo. Tulikuwa tukiwasikia wakizunguka zizi, na asubuhi tunaziona nyayo zao kwenye vumbi. Lakini fisi unaweza kumpigia kelele akakimbia. Kilichokuwa kimenipata mimi kilitaka ninyamaze, na sikunyamaza.

Kijiji chetu kiko upande wa Lagangabilili, ndani kidogo, penye mashamba ya pamba na miamba mikubwa iliyolala kama ng'ombe waliochoka. Baba alikuwa amekwenda mbali na mifugo kutafuta malisho, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na bibi aliyemzaa baba. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, imeshakuwa kubwa. Bibi aliitwa Minza, na alikuwa na nyumba yake ya nyasi hatua chache kutoka jikoni.

Magoti ya Bibi yalikuwa yakiuma tangu kabla sijazaliwa. Mwaka ule yalivimba mpaka ngozi ikang'aa. Alfajiri nilikuwa nasikia kitanda chake cha kamba kinalia, halafu kimya, halafu sauti yake ya chini: "Mayu wane!" Alikuwa akimwita mama yake, aliyekufa zamani sana. Hapo nilijua ameweka miguu chini. Alikuwa akitoka nje ameinama, fimbo mkononi, anakwenda kukaa palipopata jua la kwanza, amenyoosha miguu mbele yake. Alijipaka mafuta ya kondoo. Alipasha jiwe moto, akalizungushia kitambaa na kuligandamiza. Palizi ilipofika, alipalilia akiwa amekaa chini, anajivuta kwa makalio kutoka shina hadi shina.

Mama alikuwa mtu wa kanisani, na kila mara alimwambia, "Mama, twende zahanati."

"Nilikwenda," Bibi alijibu. "Vidonge vyao vinanichoma tumbo. Mimi naumwa goti, wao wanataka niumwe na tumbo?"

Siku moja mama alikwenda mnadani kutafuta nguo za mtoto. Hata vumbi la miguu yake halijatua, akaja mzee mmoja kwa baiskeli kutoka Shishiyu. Alikuwa mganga. Nadhani Bibi ndiye aliyeichagua siku, maana hakushangaa kumwona.

Nilisimama mlangoni nikatazama. Mzee alimimina maji meusi ya mizizi kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, akamwosha Bibi goti moja, kisha la pili. Alikuwa akichota kwa vidole juu ya ngozi kama mtu anayechomoa mwiba, na kila alichochomoa, ambacho mimi sikukiona, alikipulizia ndani ya maji yale. Bibi alifumba macho. Mwishowe mganga akasema, "Maumivu yameingia humu. Yote."

Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ni mtoto wa mwanawe? Basi ni wewe wa kupeleka. Chukua, nenda pale njia zinapokutana, mwaga katikati. Atakayekanyaga wa kwanza ndiye atakayeondoka nayo. Ukishamwaga, rudi. Usiseme neno na mtu yeyote mpaka uingie mlangoni hapa. Ukisema, maumivu yatafuata sauti yako, yatarudi kwa mwenyewe, na yatarudi na hasira."

Nilimwuliza, "Na huyo atakayekanyaga?"

"Huyo si wako," alisema, kama mtu anayezungumzia mvua ya kijiji kingine.

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anaangalia magoti yake.

Nikatoka. Ilikuwa saa sita, jua liko utosini, na kila kitu kimesimama bila kivuli. Njia ilipita kati ya nyua mbili za minyaa, nyembamba, na siku nyingine zote nilikuwa naipita nikikimbia. Siku ile nilikwenda kama anayetembea juu ya mayai. Nilishika kile kipande cha chungu kwa mikono miwili, maji yanacheza mpaka ukingoni, na niliamini kabisa kwamba maumivu ya mtu mzima yamo humo yananitazama. Nilihesabu hatua. Nilikojoa kidogo kwenye nguo, na sikusimama.

Penye njia panda hapakuwa na mtu. Njia moja ilikwenda kisimani, nyingine shuleni, nyingine mnadani. Nikamwaga katikati. Ardhi ilikuwa kavu, lakini maji hayakuzama mara moja. Yalikaa juu, meusi, mapana kama ungo. Nikaweka kigae pembeni, nikageuka, nikaanza kurudi, mwendo wa haraka, mdomo nimeubana kwa mkono.

Sijafika hatua ishirini nikasikia mtu anaimba nyuma yangu. Wimbo wa kanisani, taratibu, kwa pumzi ya mtu aliyechoka.

Niligeuka. Mama alikuwa anakuja kwa njia ya mnadani. Baadaye alisema mgongo ulimuuma, ndiyo maana alirudi mapema. Alikuwa na kifurushi kichwani na tumbo mbele yake, kubwa, na kwa sababu ya tumbo lile hakuweza kuona anapokanyaga.

Nimekuwa mtu mzima miaka mingi, nimezika wazazi wa watu na nimekaa hospitali na watoto wangu usiku kucha. Sijawahi tena kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nikinyamaza, mama yangu atayachukua magoti ya Bibi, pengine na mtoto aliyemo tumboni atayachukua. Nikisema, yatamrudia Bibi, na yatarudi na hasira. Nilikuwa na miaka tisa.

"Mayu! Simama!"

Mama akasimama. Mguu mmoja ulikuwa mbele. Mpaka leo siwezi kuapa kama ncha ya kandambili yake iligusa ule unyevu au haikugusa.

"Kuna nini? Nyoka?"

Nilimwonyesha maji kwa kidole. Mama akainama kwa shida, akaona maji, akaona kigae, na uso wake ukabadilika. Alipita pembeni kabisa, kwenye majani, akaja akanishika mkono.

"Nani kakutuma?"

Nyumbani mganga alikuwa ameshaondoka. Mama aliweka mzigo chini, akaongea na mkwewe kwa namna ambayo sijamsikia akiongea naye kabla wala baada ya hapo.

"Mama, mtoto huyu unamtwisha nini? Mtoto wa miaka tisa!"

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Aliuliza jambo moja tu. "Alisema neno?"

"Aliniita mimi. Nilikuwa nakuja kukanyaga."

Bibi akayafunika magoti yake. "Basi," akasema.

Siku ile sikula. Jioni nilimsikia Bibi akijaribu kuinuka, akaita mama yake kama kawaida, na mimi nikakimbia nyuma ya ghala, nikaziba masikio. Niliona ni mimi niliyeyaweka tena yale maumivu ndani ya magoti yake. Mama alinikuta huko. Nilimwambia, "Nimemrudishia Bibi ugonjwa." Alinibeba mgongoni, na mimba ile, akanipeleka kulala.

Asubuhi niliamshwa na kicheko. Nilitoka nikamwona Bibi amesimama katikati ya uwanja, amenyooka, hana fimbo, jembe liko begani.

"Kabula, ng'wana wane, njoo uone," alisema. "Mzee yule ni kiboko. Nimepona."

"Lakini nilisema, Bibi. Niliita."

"Ulisema umechelewa. Yalikuwa yameshaondoka." Akatembea mpaka kwenye zizi, akarudi. Akainama, akaokota bua la mahindi, akalitupa. Juu ya mdomo wake kulikuwa na matone ya jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Niliyaona. Sikujua kuyasoma.

Nilifurahi mpaka mchana. Nilikwenda shuleni nikarudi nikiimba. Halafu, nikiwa nachambua dagaa, wazo likanijia, likanikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Kama Bibi amepona, basi dawa ni ya kweli. Na kama dawa ni ya kweli, maumivu yako wapi?

Kuanzia hapo nilikuwa mtoto wa kutazama miguu ya watu. Mzee mmoja alipita na kitambaa kifundoni, nikajua ni yeye, nikalala vizuri siku mbili. Kisha nikasikia kwamba aligongwa na baiskeli. Dume la ng'ombe la jirani likachechemea, nikafikiri ni lenyewe, nikaliombea msamaha kimoyomoyo. Sikupita tena njia panda ile. Nilikwenda shuleni kwa kukata katikati ya pamba, nikafika nimelowa umande mpaka kiunoni, na mwalimu alinichapa kwa uchafu.

Halafu miguu ya mama ikavimba.

Alikuwa akikaa jioni, anabonyeza kwa kidole gumba, na kishimo kinabaki. Nilikiangalia kishimo kile kikijaa polepole. Kila jioni nilimchotea maji ya vuguvugu na chumvi nikamwosha miguu. Alishangaa. "Leo umekuwa na adabu gani?" aliniuliza. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikilitaja, litasikia.

Mdogo wangu alizaliwa salama, na miguu ya mama ikapungua. Ningepumzika, lakini yule mtoto alichelewa kutembea. Wenzake walikuwa wanakimbiza kuku, yeye amekaa kwenye mkeka anacheka. Nilimshika magoti yake madogo kila siku nikitafuta uvimbe. Aliposimama mwenyewe siku moja, akashika ukuta, akaja kwangu hatua nne, nilimwacha akaanguka, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefunika uso.

Bibi alifariki nikiwa darasa la saba. Katika miaka ile yote sikumsikia tena akimwita mama yake alfajiri.

Sasa nina miaka hamsini na tatu. Ninaishi Bariadi mjini, nashona sare za shule, na kwa miaka zaidi ya ishirini na tano nimekanyaga cherehani kwa miguu. Mwaka juzi goti la kulia lilianza, na la kushoto likafuata. Daktari alilikunja, akalinyoosha, likalia kama mlango mkavu. "Viungo vinalika, mama," alisema. "Ni umri na ni kazi." Nikapewa vidonge na dawa ya kupaka, nikaambiwa nipunguze uzito. Fundi akanifungia mota kwenye cherehani. Asubuhi nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nasugua, nashika ukuta, hatua kumi za mwanzo ni kama kutembea juu ya magunzi. Mvua ikikaribia, mimi najua kabla ya redio.

Nina cheti cha kidato cha nne. Nina watoto waliosoma kuliko mimi. Na bado, asubuhi ile ya kwanza mguu ulipokataa kushuka kitandani, kabla sijafikiria daktari wala umri, nilifikiria njia panda. Nikasema moyoni: yamekuja. Yamenitafuta miaka yote hii, yamenipata.

Mama yangu yu hai. Anaishi kijijini kwa huyo huyo mdogo wangu. Mwaka jana alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho, na jioni moja, aliponiona nikiinuka kwa kushika meza, aliniuliza yameanza lini. Nikamwambia. Na nikamwambia na lile lingine, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba Bibi alipona, na mimi sijui nani aliumwa kwa ajili yake.

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Alipona? Nani alipona?"

"Bibi. Asubuhi ile alitembea bila fimbo."

"Kabula." Alipapasa mpaka akapata mkono wangu. "Usiku ule, ulipokwisha kulala, aliniita. Tulikuwa hatujasemeshana tangu mchana. Akaniambia, mtoto huyu atakufa kwa hofu, nifunge. Nikachana kitenge changu cha zamani, nikamfunga magoti yote mawili chini ya gauni, kwa nguvu, kama unavyofunga mzigo. Akameza na vile vidonge vya zahanati alivyokuwa anavitukana. Na kila siku alfajiri, kabla hujaamka, nilikwenda kumfunga. Mpaka anakufa."

"Alikuwa halii?"

"Alikuwa anang'ata khanga." Mama akaubana mkono wangu. "Yale maumivu hayakwenda popote, mwanangu. Alikuwa nayo mwenyewe."

Nilikaa. Kwanza nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyeteremshiwa ndoo kichwani. Miguu ya mama ilikuwa ni mimba tu. Mdogo wangu alikuwa mvivu tu wa kutembea. Halafu uzito mwingine ukaja, kwa sababu mimi sasa najua kwa mwili wangu ni nini kusimama juu ya goti kama lile na kuuzuia uso usionyeshe kitu. Nimejaribu mbele ya wateja. Naweza dakika tano. Yeye alifanya miaka minne, na jembe begani, ili mimi nisiogope, na kwa kufanya hivyo akaniacha niogope zaidi ya miaka arobaini. Simlaumu. Alinipa alichokuwa nacho.

Mama aliomba kitambaa. Nilimpa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye ushonaji. Alishuka chini kwa taratibu zake za uzee, akaanza kunifunga goti bila kuona vizuri, kwa vidole vinavyokumbuka kazi. Alipokaza, niliuma meno.

"Lia tu," aliniambia. "Hapa hakuna mtoto wa kumficha."