Wimbo wa Mwali Kwenye Filamu ya Matuta

Ignas Mkude alikuwa karani wa masjala katika kitengo kimoja cha filamu Dar es Salaam, lakini kwao Morogoro walimjua kwa tarumbeta. Kila Jumamosi alipanda basi kwenda kupiga na bendi yake ya dansi, na Jumatatu akarudi kwenye mafaili, midomo imevimba.

Filamu za kitengo, za vyoo, za pamba, za vijiji vipya, ziliwekewa muziki wa santuri za Ulaya. Mkulima wa Ifakara alishika jembe huku fidla za watu wa mbali zikimlilia kama maiti. Mwaka 1974 mkuu wa kitengo, Ndugu Kondo, aliichoka aibu hiyo.

"Wewe si mwanamuziki? Tia muziki kwenye filamu ya matuta ya Mgeta," alimwambia Ignas. "Tutaijaribu hukohuko kabla ya kuunganisha sauti. Wakiipenda, masjala utaisahau, utatunga za filamu zetu zote. Wakinuna, mafaili yako hayajaenda popote."

Kwingineko mtunzi wa filamu hupewa ukumbi na wapigaji arobaini. Ignas alipewa karatasi: mwanamke anapanda tuta, sekunde tisa, maji yanatoka bombani, sekunde sita. Aliweka saa yake mezani, akawa anaimba tuni mdomo umefumba, macho yakiwa kwenye mshale. Wiki mbili hakuna kilichokaa. Kisha tuni moja ikakaa yenyewe. Ilipanda polepole, ikapumzika, ikapanda tena, kama mtu mwenye mzigo kwenye mteremko wa Mgeta.

Aliijua. Ni wimbo ambao wanawake wa ukoo wa mama yake huimba siku ya kumtoa mwali, binti aliyevunja ungo na kuwekwa ndani miezi mingi. Utotoni aliusikia kupitia ukuta wa nyumba ya mama yake mkubwa, Filomena, hukohuko Mgeta. Alijiambia: bila maneno, kwa tarumbeta na ngoma mbili, nani atautambua? Akaurekodi kwenye utepe mmoja tu.

Gari la sinema lilifika Mgeta saa tisa alasiri, Ignas na Ndugu Kondo wakiwa ndani. Dereva, Andrea, alifanya alivyozoea kila kijiji: akaweka utepe wa Ignas, akafungulia spika ya juu ya gari ili watu wajue jioni kuna picha. Tarumbeta ikavuka bonde.

Haikupita nusu saa, vigelegele vikajibu kutoka mlima wa pili. Wanawake waliteremka kwa vijia vyote, wengine na vikapu vya njegere, wengine na unga, mmoja na ngoma, mmoja na jembe bado lina udongo mbichi. Filomena alikuwa mbele, na khanga mpya mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa," Ignas alisema, jasho likimtoka.

"Marahaba. Mwali wa nani anatoka, nami sikuambiwa?"

"Hakuna mwali, mama. Ni muziki wa filamu."

"Kumbe! Filamu imevunja ungo?"

Kicheko kilipanda mlima. Lakini wimbo ule haukuwa wa kulia bure. Ukilia, sharti mtu atolewe. Jirani mmoja, Yustina, alimzunguka Ignas akimpima kwa macho.

"Jamani, mwali si huyu hapa? Ana masharubu tu!"

Wakamketisha kwenye mkeka, wakamfunika khanga kichwani, wakamwambia atazame chini na asiseme neno. Ndugu Kondo alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachutama karibu naye.

"Ignas, umefaulu! Sijawahi kuona watu wakimiminika hivi. Kuanzia sasa kila gari letu litaita watu kwa wimbo huu, Mtwara mpaka Bukoba."

Filomena aliyasikia. Aliinama upande wa pili wa khanga.

"Wenzangu wanatania, mwanangu, mimi sitanii. Mjukuu wangu Veronika yuko ndani. Atatoka Desemba. Wimbo ukishalia kwenye kila gulio, siku yake nani ataacha jembe aje?"

Mwali hasemi. Ignas aliivua khanga, akaikunja, akasimama.

"Ndugu Kondo, wimbo huu si wangu. Niliuchukua."

"Basi tia mwingine."

"Sina mwingine."

"Unajua maana yake?"

"Masjala."

Aliingia garini, akautoa utepe kwenye mashine, akampa Filomena kwa mikono miwili. Filomena aliufukia chini ya njegere. Kondo alimtazama, akatazama wanawake wote wale, hakunyoosha mkono kuudai. Jioni ile filamu ilionyeshwa bila muziki, Kondo mwenyewe akieleza kwa kipaza sauti. Watu walifurahia kujiona.

Jumatatu Ignas alikuwa masjala. Alikaa huko miaka miwili, mpaka Kondo alipomletea karatasi nyingine ya sekunde, na safari hiyo akatunga yake mwenyewe, kisha nyingine, zikafika kumi na tisa. Kila mara Kondo aliuliza kwanza, "Huu hautoi mtu?"

Lakini Desemba ile ya Veronika, akiwa bado karani tu, yuko likizo, alikuwa shambani Mgeta akipalilia viazi wimbo ulipovuka bonde. Kwenye matuta yote wanawake waliinua vichwa. Majembe yakalala. Ignas alilaza lake, akachukua unga aliokuwa ameununua mapema, akawafuata.