Mama Shimo na Mtama Uliolala Siku Thelathini na Tano

Saa nne asubuhi, jua limeshashika kasi, mama mmoja mfugaji amepiga magoti kando ya shimo lake, sikio juu ya turubai la plastiki. Chini yake kuna tani kumi na mbili za mtama uliokatwakatwa na kuvundikwa. Wiki ya kwanza turubai lilivimba, likashuka, likavimba tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Leo, siku ya thelathini na tano, limetulia tuli.

"Shimo halina haraka," anasema. "Mwenye haraka ni binadamu."

Majirani wanamwita Mama Shimo, na yeye hucheka nao. Ana ng'ombe saba. Wakipata malisho haya, kiangazi kila mmoja hutoa lita kumi za maziwa kwa siku. Wakiyakosa, lita tatu na mbavu za kuhesabika. Binti yake ameshakata shauri: mtama ukioza mwaka huu, mifugo iuzwe.

Mtama wenyewe hautaki mzaha. Hukatwa punje zikiwa laini kama unga uliokandwa, ukashindiliwa kwa miguu mpaka hewa yote itoke, kisha ukafunikwa.

Miaka minne iliyopita, siku ya tano tu, mumewe alifunua pembe ya turubai. Aliona ukungu wa manjano kama moshi umelala juu ya majani bila kutikisika, akasikia harufu kama ya dawa ya kung'arishia nguo. Akadhani malisho yanaharibika, akateremka kuyaokoa. Alikutwa amekufa, ameketi, kofia kichwani, uma wa majani mkononi. Hewa ile ya sumu hutolewa na mtama wenyewe siku za mwanzo. Ni nzito, hutuama chini, wala haibishi hodi.

Leo mama anafungua upande wa mteremko ili hewa itoke, na yeye na binti yake wanakaa mbali kwa saa nzima. Kisha anateremsha taa ya mafuta kwa kamba, kupima hewa ya chini. Hakuna upepo. Moto unafifia, unazimika. Binti anamsihi waache. Wanasubiri, taa inazimika tena, wanasubiri. Mara ya tatu taa inawaka mpaka chini.

Mama anavuta majani kwa uma mrefu bila kuingia, anayakamua kiganjani. Hayachuruziki. Yana rangi ya zeituni na harufu ya tunda lililoiva.

Anapoulizwa kuhusu mtama wa mwaka ule, anapangusa kiganja kwenye kanga.

"Tulimzika mume wangu, tukamaliza matanga, nikafungua shimo," anasema. "Ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuvundika. Marehemu hakuwa na cha kuokoa."

Ng'ombe waliula mpaka mvua iliponyesha. Yeye hakunywa maziwa yale.

Binti ananusa majani, anayarudia. "Basi ng'ombe wabaki," anasema. "Lakini shimo nitalifukia mwenyewe."

Mama haoni ubishi hapo. Mwakani anataka kuvundika kwenye mifuko, juu ya ardhi, mahali pasipohitaji mtu kuteremka.

"Nataka nife kitandani," anasema. "Na huyu mwanangu pia, akiwa mzee kunizidi."