Chupa Juu ya Mbao za Kenchi

Dhana mbaya ni uvivu wa akili: humhukumu mtu kabla ya kumwuliza. Kila seremala wa jirani anaporanda mbao za paini, harufu ya utomvu hunirudisha uani kwetu Chamazi, ambako mbao za kenchi zilisubiri kupandishwa juu ya chumba cha kulala watoto.

Mpangaji wetu, mama aliyetoka nyanda za juu, alitundika juu ya mbao hizo chupa yenye spiriti. Kila asubuhi aliichungulia akinong'ona kwa lugha ya kwao. Mimi ndiye niliyempelekea baba habari.

"Mama, uchawi sitaki kwangu," baba alimwambia mbele ya majirani. "Unanuiza nini hapo? Leo hii unahama."

"Nahesabu tu, baba mwenye nyumba."

"Anahesabu siku zenu!" jirani mmoja alidakia, watu wakacheka.

Mama yule alimimina chupa kiganjani. Walitoka mbawakawa weusi, wadogo kama ufuta.

"Jana sita, leo kumi na tisa. Harufu ya spiriti huwavuta; msituni kwetu tulitega hivi kila mvua zilipoanza. Wakiongezeka, wamo ndani ya mti."

Baba, akimtazama bado kwa shaka, alibandua ganda lililosalia ubavuni mwa ubao. Unga wa mbao iliyoliwa ulimwagika miguuni pake. Aliukandamiza ubao kwa goti, ukavunjika.

Mbao zile hazikupandishwa, wala mama yule hakuhama. Sisi watoto tuliendelea kumwita Mchawi wa Chupa. Jina lake lilikuwa Atupele.