Filamu Iliyoona Nyekundu

Wakati wa vita vya pili vya Mwingereza na Mjerumani nilikuwa na chumba cha kupigia picha Manyoni, karibu na stesheni. Filamu zetu za zamani zilikuwa na kasoro moja: hazikuiona rangi nyekundu. Ukivaa nguo nyekundu, kwenye picha inatoka nyeusi tii. Lakini kasoro hiyo ndiyo iliyonilisha, maana nilisafisha filamu chini ya taa ya gadi wa treni, yenye kioo chekundu, na mwanga wake haukuzidhuru kamwe.

Siku moja akaja mama mmoja na bintiye wa miaka miwili. Mumewe alikuwa askari Burma, aliondoka mimba ikiwa changa, hajamwona mtoto. Alitaka kumpelekea picha. Mtoto alivaa gauni jekundu, na mama akanisihi lisitoke jeusi, baba asije akaona mwanawe kavalishwa kaniki. Nikajitapa. Nilikuwa nimepata filamu mpya, na muuzaji kaniambia inaona rangi zote, nyekundu pia. Mtoto akacheka, nikapiga moja tu, maana filamu zilikuwa adimu.

Kisha nikaingia chumba cha giza, nikawasha taa yangu nyekundu kama miaka yote, nikaifungua ile filamu kuisafisha. Ilitoka nyeusi yote, huoni hata sikio. Mjinga mimi! Filamu inayoona gauni jekundu itashindwaje kuiona taa nyekundu? Wala sikuhangaika sana. Nilisema mtoto si yupo, nitampiga picha tena bure.

Baada ya wiki mbili mama akaja kuchukua picha, yuko peke yake. Sikumpa hata nafasi ya kukaa. Nikaanza kujichekesha, kwamba kumetokea kahitilafu kadogo, amlete tena mtoto kesho, na gauni lile lile.

"Surua imemchukua, kaka," akasema. "Tumemzika juzi. Nipe hiyo ya kwanza."

Nikamweleza yote, taa na upumbavu wangu. Sijui alisikia kiasi gani. Akanyoosha mkono, nikampa ile filamu nyeusi. Akaiinua mlangoni kwenye jua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kichwa kiko upande gani?"

Nikamwonyesha. Akaniomba nimwandikie bahasha ya kwenda Burma, nami nikaiandika.