Samaki Majike Nyumbani kwa Bibi

Nilizaliwa katika nyumba isiyo na baba. Hakuwa amekufa wala hakuwa amesafiri. Bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu sisi Wakurya wa Tarime, mwanamke wa namna hiyo aliweza kutoa ng'ombe, akaoa mke, na watoto ambao yule mke alizaa na mwanamume wa nje wakawa wa ukoo wake. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi alimwoa mama yangu. Mama akazaa wasichana watupu, mimi nikiwa wa kwanza, basi bibi akamwoa na mama mdogo. Mama mdogo naye akazaa msichana. Bibi akasema ng'ombe wamekwisha, akaishia hapo.

Kabla ya vijiji vya ujamaa kila mke alikuwa na nyumba yake, mmoja upande huu wa zizi na mwenzake upande ule. Tulipohamishwa, tulipewa kiwanja kimoja huku Nyanungu, kwenye mstari kama watu wengine, tukajenga nyumba moja. Hapo ndipo mama na mama mdogo walipoanza kugombana. Asubuhi waligombania majivu, jioni waligombania nani aliacha chungu wazi. Kazi hazikusimama. Mmoja alikuwa akisonga ugali, mwingine akichambua mboga, na maneno yanaendelea.

Wakati ule kulikuwa na mzungu, daktari wa mifugo, aliyesimamia josho la kijiji. Mama alikuwa akimpelekea maziwa. Mezani kwake alikuwa na sanduku la kioo lenye maji, na ndani yake samaki wanne wadogo kuliko kidole, wenye rangi kama vitenge vipya. Muda wake wa kazi ulipokwisha alituletea lile sanduku kwa Landrova, akalitua juu ya meza yetu. Meza ilikuwa hiyo moja, kwa hiyo tukarudi kula chini.

"Hawa wanaitwa beta," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Madume yao yanauana. Ndiyo maana nimewapa majike tu. Majike wanakaa pamoja kwa amani."

Bibi akamtazama mama, kisha akamtazama mama mdogo.

"Nani alimwambia hivyo?" akauliza kwa Kikurya.

Hakuna aliyemtafsiria mgeni.

Mimi ndiye niliyewalisha. Nilichota viluwiluwi vya mbu kwenye maji yaliyotuama karibu na josho, nikawamwagia, nao wakala vizuri. Majirani walikuja kuwaona, wakauliza watakuwa wakubwa lini ili waliwe.

"Hawa si wa kula," bibi aliwajibu.

"Sasa ni wa nini?"

"Wa kutazama."

Wakatazama kidogo, wakaaga.

Mwanzoni walikaa salama. Kisha yule wa buluu akaanza kuwafukuza wenzake kutoka pembe moja hadi nyingine. Aliyeandamwa zaidi alikuwa mwekundu. Mkia wake ulichanika ukawa kama kitambaa cha kudekia. Mama alimhurumia sana. Mama mdogo alisema mwekundu ni mzembe, haoni mwenzake anamjia.

"Huyu wako ana roho mbaya," mama alimwambia.

"Amekuwa wangu tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuuma."

Bibi hakuwaingilia. Alikwenda kijitoni akarudi na majani ya majini, akatia na vigae vya mtungi uliovunjika ili wanyonge wapate pa kujificha. Ilisaidia, mpaka yule wa buluu alipojua maficho yote. Asubuhi moja tulimkuta yule mweupe amelala ubavu nyuma ya kigae, mapezi hana. Bibi alimtoa, akamfukia chini ya mgomba. Kisha akachukua bakuli la enameli la mama na sufuria ya mama mdogo iliyokatika mkono, bila kuwaomba, akawatenga. Wa buluu alibaki kwenye kioo peke yake. Kila mmoja alipokuwa na maji yake, mkia wa mwekundu ulianza kuota tena, na rangi yake ikarudi.

Mwenyekiti wa kijiji alipita kukagua nyumba, akakuta samaki watatu katika vyombo vitatu.

"Shikamoo mama. Mbona sanduku lina nafasi na hawa wametengwa? Si wangekaa pamoja wakazoeana?"

"Marahaba," bibi akaitikia. "Tuliwazoesha. Mmoja amekufa."

Mwenyekiti alifikiri, akatazama nje kwenye mstari wa nyumba. Akasema hilo hataliandika kwenye taarifa.

Baada ya wiki kadhaa bibi aliita vijana wa ukoo wakajenga nyumba ya pili nyuma ya ile yetu. Ilipokandikwa na kukauka aliwaita wake zake wote wawili.

"Nimeona," alisema. "Mmoja wenu atahamia kule."

"Umeona nini?" mama aliuliza.

"Nimeona mkia wa yule mwekundu."

"Mama, mimi nina mkia?"

Mama mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akiwa upande wa mama hata mara moja, alidakia: "Nani alikuambia tunataka kutengana? Sisi tunagombana tu."

"Kila siku."

"Ndiyo, kila siku. Kule nyuma nitagombana na nani?"

Bibi alisema nyumba imeshajengwa na vijana wameshalishwa, kwa hiyo lazima mtu ahamie. Mama mdogo akabeba mkeka wake, akamshika mwanawe mkono, akaenda bila kuaga. Kesho yake alirudi na mkeka uleule, akasema nyumba inavuja. Ilikuwa kiangazi. Mama alimtazama pale mlangoni, kisha akasogea ili mwenzake apate nafasi kwenye mafiga, akamwambia atazame moto, unazimika.

Mwishowe aliyehamia ni bibi. Alibeba samaki wake mmoja mmoja, akasema huko nyuma kuna utulivu. Baridi ya mwezi wa saba iliwaua, wa buluu akawa wa mwisho, lakini bibi hakurudi nyumba kubwa. Mimi ndiye niliyempelekea chakula jioni. Kabla hajafunua bakuli aliniuliza leo wanagombania nini, nami nikakaa chini nikamweleza.